Upelelezi kwa Vinasaba: Meno ya Tembo kutoka Bonde la Ruvuma

Hadithi za upelelezi aghalabu humpeleka msomaji mjini. Humpeleka Las Vegas au mji mwingine wa kamari ambako taa hazizimwi usiku kucha. Maiti hukutwa chumbani, na kachero huanza kutafuta alama za vidole juu ya bilauri. Uhalifu unaoelezwa katika somo hili ulikuwa wa namna nyingine. Ulitendeka katika mapori ya kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya mto Ruvuma, mbali na macho ya watu, na waliouawa walihesabiwa kwa maelfu. Aghalabu hapakuwa na shahidi ila muuaji mwenyewe. Hata hivyo kila aliyeuawa alikuwa na ushahidi mdomoni mwake, na muuaji ndiye aliyeung'oa, akaubeba begani na kuupeleka sokoni.

Tembo wa Selous wamehesabiwa kwa ndege mara nyingi. Mwaka 1976 walikadiriwa kuwa karibu 110,000. Ujangili wa miaka ya themanini uliwapunguza mno, hata Serikali ikaanzisha Operesheni Uhai mwaka 1989, mwaka uleule ambao mataifa yaliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya meno ya tembo. Baada ya hapo wakaanza kuongezeka. Sensa ya mwaka 2006 ilitoa makadirio ya tembo 70,000 hivi. Ya mwaka 2009, 39,000 hivi. Ya mwaka 2013, 13,000 tu. Mwanafunzi akitoa na kugawanya ataona kwamba katika miaka saba tembo walipungua kwa wastani wa 22 kila siku, bila kuhesabu waliozaliwa katika kipindi hicho. Nao hawazaliwi kwa wepesi, kwa maana tembo jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 22.

Kwa wakazi wa Masasi na Newala jambo hili si la mbali. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Asimamaye pale hulitazama bonde la Ruvuma likiwa chini yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Upande wa magharibi, chini ya uwanda, iko Masasi na vilima vyake vya mawe. Mbele zaidi iko Nanyumbu, wilaya iliyomegwa kutoka Masasi, na humo limo Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, linalofika hadi ukingo wa Ruvuma. Ng'ambo yake ni Hifadhi ya Niassa. Maji ya mto yakipungua wakati wa kiangazi, tembo huvuka bila kuulizwa hati ya kusafiria.

Shehena zinazosema uongo

Novemba 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, yalikutwa meno ya tembo 706 yamefichwa pamoja na vitunguu saumu na makombe ya konokono. Kwa kuwa tembo mmoja ana meno mawili, hesabu hiyo ni ya tembo wasiopungua 353. Mwezi huohuo, katika bandari ya Zanzibar, lilifunguliwa kontena lililojaa makombe ya baharini. Chini ya makombe palikuwa na meno yenye uzito wa karibu tani tatu.

Hapo ndipo kazi ya mpelelezi huanza kuwa ngumu. Hati ya shehena imeandikwa makombe. Jina la mwenye mzigo huenda ni la kubuni. Jino lenyewe halina muhuri wa mahali lilikotoka, na bandari lilikokamatwa haithibitishi kitu, kwa maana mzigo wa nchi moja huweza kusafirishwa kupitia nchi ya pili na kukamatwa katika nchi ya tatu. Kila serikali huweza kusema kwa utulivu kabisa kwamba tembo waliouawa si wake. Na mkuu wa hifadhi anayetaka kujua apeleke askari wake wapi hapati jibu lolote katika rundo la meno lililofungiwa ghalani.

Swali la kwanza la maabara ni jepesi: je, kitu hiki ni jino la tembo kweli? Kwa kawaida watu husema pembe za ndovu. Kibiolojia hilo ni kosa la kusameheka, kwa sababu pembe ya ng'ombe huota juu ya mfupa wa kichwa, hali ile ya tembo ni jino la mbele la taya la juu lililorefuka. Lugha ya sheria, inayosema meno ya tembo, iko sahihi zaidi. Jino hilo likikatwa kwa upana wake huonyesha mistari myembamba inayokatizana, iitwayo mistari ya Schreger. Karibu na ukingo wa nje wa jino la tembo wa leo mistari hiyo hukutana kwa pembe butu, yenye nyuzi zaidi ya 115 kwa wastani. Katika jino la mamothi, jamaa ya tembo aliyekwisha toweka duniani, hukutana kwa pembe kali, chini ya nyuzi 90. Mfupa wa ng'ombe hauna mistari hiyo hata kidogo. Kioo cha kukuzia na kipimapembe cha mwanafunzi vyatosha kwa kazi hiyo.

Swali la pili, yaani jino limetoka wapi, lilihitaji miaka mingi ya utafiti.

Ramani iliyochorwa kwa kinyesi

Mtaalamu aliyeliongoza jambo hili ni Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ambaye hapo awali alifanya utafiti juu ya nyani katika hifadhi ya Mikumi. Wazo lake lilikuwa hili: tembo wa sehemu moja huzaana wao kwa wao zaidi kuliko wanavyozaana na tembo wa mbali, basi baada ya vizazi vingi vinasaba vyao havina budi kutofautiana kidogo na vya wengine. Ikiwa tofauti hizo zitajulikana kwa kila sehemu ya Afrika, jino lolote litaweza kulinganishwa nazo.

Lakini ni nani atakayemshika kila tembo ili amtoe damu? Hapakuwa na haja. Kinyesi cha tembo kinapopita utumbo hukwangua seli za ukuta wake, na seli hizo hubaki katika utelezi unaofunika tonge la kinyesi. Askari wa hifadhi akiwahi kuukwangua na kuuweka katika chupa yenye dawa ya kuhifadhia, amechukua vinasaba vya mnyama ambaye huenda hata hakumwona. Hadi mwaka 2015 zilikuwa zimekusanywa sampuli 1,350, nyingi zikiwa za kinyesi, kutoka mahali 71 katika nchi 29 za Afrika.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne watakumbuka kwamba kinasaba ni uzi mrefu ulioandikwa kwa besi nne, A, T, C na G. Sehemu kubwa ya uzi huo haibadiliki sana kati ya tembo na tembo. Ziko, hata hivyo, sehemu ambamo herufi chache hurudiwarudiwa, mathalani CACACACA, na idadi ya marudio hutofautiana. Tembo mmoja huweza kuwa na marudio 11 aliyorithi kwa mama na 14 aliyorithi kwa baba. Mwingine akawa na 12 na 12. Maabara ya Wasser hupima sehemu 16 za namna hiyo. Tarakimu 32 zinazopatikana ni kama namba ya kitambulisho, nayo ni nadra sana tembo wawili kuwa na namba moja.

Kuvipata vinasaba katika jino si kazi nyepesi kama kuvipata katika kinyesi. Jino ni gumu, na likisagwa kwa nguvu hupata moto unaoharibu vinasaba. Kwa hiyo kipande kidogo huwekwa katika kinu maalumu kilichozamishwa ndani ya nitrojeni ya majimaji, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika ubaridi huo jino huvunjika kama kigae, likawa unga, na vinasaba vikasalimika.

Jaribio la makopo matatu

Mwalimu anaweza kuonyesha darasani jinsi jino linavyolinganishwa na ramani, bila maabara yoyote. Achukue makopo matatu. Katika kopo A aweke punje 8 za maharage mekundu na 2 meupe; katika B, 5 na 5; katika C, 2 mekundu na 8 meupe. Haya ni makundi matatu ya tembo. Mwanafunzi mmoja, darasa likiwa limefumba macho, achague kopo, atoe punje moja, aitaje rangi yake, airudishe, atikise, atoe tena, mpaka mara nne. Tuseme zimetoka nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Je, kopo ni lipi?

Kwa kopo A uwezekano wa kupata mfuatano huo ni 0.8 × 0.8 × 0.2 × 0.8, yaani 0.1024. Kwa B ni 0.0625, na kwa C ni 0.0064. Basi matokeo haya yanaelekea kutoka A mara 16 zaidi kuliko C, lakini mara 1.6 tu zaidi kuliko B. Kopo C linaweza kutupiliwa mbali. B bado halijaachiliwa. Mwanafunzi akitoa punje nne nyingine, zikatoka vilevile, A itaishinda C mara 256, na B mara 2.7 hivi.

Darasa litagundua mambo mawili bila kuambiwa. Ushahidi mwingi mdogomdogo, ukizidishwa, huwa ushahidi mkubwa. Ndiyo maana hupimwa sehemu 16 wala si moja. Na makundi yanayofanana ni magumu kutenganishwa, hata kama punje zitatolewa nyingi. Jambo hili la pili linahusu Ruvuma moja kwa moja.

Mwaka 2006 shehena kubwa za meno ya tembo zilikamatwa Taiwan, Hong Kong na Japani. Zilipopimwa zilielekeza mahali pamoja: Selous kusini mwa Tanzania na Niassa kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 2015 matokeo ya shehena kubwa 28 zilizokamatwa kati ya miaka 1996 na 2014 yalitangazwa, na yaliwashangaza wengi. Ilidhaniwa kwamba tembo walikuwa wakiuawa kwa wingi kila mahali barani. Sivyo. Kwa shehena za tangu mwaka 2006, sehemu kubwa sana ya meno ilitoka katika maeneo mawili tu, moja likiwa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, inayokutana Gabon, Kongo na Kameruni, na la pili likiwa Afrika Mashariki, hasa kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na nchi iliyo jirani ng'ambo ya mto. Baadaye dalili zilisogea kuelekea Ruaha na Rungwa, bila shaka kwa sababu tembo wa Selous walikwisha pungua.

Lakini mbona wataalamu husema Selous na Niassa kwa pamoja, wasiseme ni upande upi? Jibu limo katika makopo A na B. Tembo wanaovuka Ruvuma huoana bila kujali mpaka, na vinasaba vyao vimechanganyika. Mpaka ule ni wa watu. Tena njia yenyewe ina kadiri yake ya usahihi, umbali wa kilomita 300 hivi. Mwanafunzi wa Chidya au Ndanda achukue ramani na bikari, aweke ncha Masasi na kuchora duara la kilomita 300. Litaimeza Newala, Mtwara, Lindi, Kilwa, Tunduru, sehemu kubwa ya Selous na eneo pana la Msumbiji. Kwa Mahakama inayotaka kujua kijiji, duara hilo ni kubwa mno. Kwa Serikali inayotaka kujua ielekeze wapi askari wachache ilio nao katika bara zima, ni dogo kiasi cha kuleta manufaa makubwa.

Umuhimu huo ulionekana Machi 2010, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Doha, Qatar. Tanzania iliomba iruhusiwe kuuza akiba yake ya meno ya tembo, kama tani 90. Wanasayansi walikuwa wamekwisha onyesha kwamba shehena kubwa za magendo zilitoka humuhumu nchini. Ombi likakataliwa.

Saa iliyoachwa na mabomu

Palibaki hoja moja iliyotumiwa sana na watetezi wa biashara hiyo: kwamba meno yanayokamatwa ni ya zamani, yamevuja kutoka maghala ya serikali, na tembo wenyewe walikufa zamani kwa uzee. Hoja hii haikujibiwa na biolojia bali na fizikia.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, katika miaka ya hamsini na mwanzoni mwa miaka ya sitini, yaliongeza kaboni-14 hewani karibu maradufu. Majaribio hayo yalipokoma kiwango kikaanza kushuka mwaka hata mwaka, na mwendo wake umepimwa vizuri. Mti hufyonza kaboni ya mwaka wake, tembo hula mti, na jino hukua kwa tabaka mpya kwenye shina lake. Basi tabaka ya mwisho hubeba kiwango cha mwaka aliokufa. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya sampuli 231 kutoka shehena zilizokamatwa kati ya miaka 2002 na 2014. Karibu zote zilikuwa za tembo waliokufa chini ya miaka mitatu kabla ya meno yao kukamatwa. Hazikuwa akiba za kale. Zilikuwa za mauaji yaliyokuwa yakiendelea.

Mapacha waliotenganishwa

Huenda sehemu ya uchunguzi inayompendeza zaidi mpenzi wa hadithi za upelelezi ni hii. Kupima kila jino la shehena ni ghali. Kwa hiyo maabara huyapanga meno kwa unene, rangi na alama ya ufizi ili kutambua yaliyo jozi, kisha hupima moja tu la kila jozi. Katika kufanya hivyo iligunduliwa kwamba meno mengi hayana mwenzake. Mwenzake yuko wapi? Mwaka 2018, baada ya namba za vinasaba za shehena 38 kulinganishwa, zilipatikana jozi 26 ambazo jino moja lilikuwa katika shehena moja na la pili katika shehena nyingine. Aghalabu shehena hizo mbili zilikuwa zimepitia bandari ileile, na hazikupishana kwa zaidi ya miezi 10.

Maana yake ni nzito. Meno mawili ya tembo mmoja yakionekana katika makontena mawili, inaelekea kwamba wakati fulani yalikuwa katika ghala moja na mikononi mwa watu wamoja. Kwa njia hiyo zilitambuliwa dalili za makundi makubwa matatu ya wasafirishaji, yenye vituo Mombasa, Entebbe na Lomé. Mwaka 2022 uchunguzi ulipanuliwa hadi meno 4,320 kutoka shehena 49, na safari hii hakikutafutwa kitambulisho kilekile tu bali pia ndugu: mzazi na mwana, au wana wa mama mmoja. Tembo wa ukoo mmoja hutembea pamoja na huuawa pamoja, hivyo undugu wao huunganisha shehena ambazo jozi peke yake isingeziunganisha.

Kutoka maabara hadi mahakamani

Vinasaba humtaja tembo, havimtaji mtu. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu Yang Fenglan, raia wa China, kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya meno ya tembo yenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Alikuwa amefika nchini mara ya kwanza katika miaka ya sabini akiwa mkalimani wa Kiswahili wakati reli ya TAZARA ilipojengwa. Jina lake halikutoka katika kinu cha nitrojeni. Lilitokana na kazi ya makachero waliomfuatilia kwa muda mrefu.

Upelelezi usiojali ushahidi nao umekwisha onekana. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza, ambamo vyombo kadhaa vya dola viliingia vijijini kuwasaka majangili. Haukupita muda mrefu malalamiko yakafika Bungeni: watu wamepigwa, wameteswa, wengine wamekufa. Operesheni ikasimamishwa, na Desemba 2013 mawaziri wanne waliondolewa madarakani. Walioumia walikuwa wakazi wa kando ya mapori, watu walewale ambao tembo huwavunjia mashamba na ambao habari zao zingeweza kumfikisha mpelelezi kwa mnunuzi.

Hata ushahidi mzuri huweza kupotea ukishikwa ovyo. Juni 2014 zilikamatwa zaidi ya tani mbili za meno ya tembo mjini Mombasa. Mfanyabiashara mmoja alikamatwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka huo, akarudishwa Kenya, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimwachia huru kwa sababu ya kasoro katika ushahidi na katika uendeshaji wa shauri. Kielelezo cha mahakamani, liwe jino au chupa ya kinyesi, lazima kiwe na maandishi yanayoonyesha nani alikichukua, saa ngapi, alimkabidhi nani, na kilifungiwa wapi kila usiku. Mkono mmoja usiojulikana ukiingia katika mfuatano huo, tarakimu 32 za maabara hazitamsaidia mwendesha mashtaka.

Tangu mwaka 2013 nchi zilizo katika mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini zinatakiwa kupeleka sampuli za kila shehena ya kilo 500 au zaidi zikapimwe vinasaba, ikiwezekana ndani ya siku 90.

Maswali ya darasani: Kwa nini jino linalokamatwa katika bandari ya Mtwara haliwezi kusemwa kuwa ni la tembo wa Mtwara? Rudia jaribio la makopo ukiweka katika B punje 7 nyekundu na 3 nyeupe. Je, A itaweza kuishinda B hata punje zikitolewa nyingi, ikiwa rangi zitaendelea kutoka kwa uwiano wa nyekundu tatu kwa nyeupe moja? Na ikiwa askari wa Lukwika-Lumesule na wenzake wa Niassa watakubaliana kukusanya kinyesi kwa pamoja mwaka mzima, kiangazi na masika, je, utarajie vinasaba vya pande mbili za mto kutofautiana?